Alama Themanini na Moja

Kiti kilichobaki kilikuwa na miguu mitatu, kwa hiyo alikiegemeza ukutani akakaa upande upande, rundo la karatasi za mtihani mapajani. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya idara: projekta mbovu, mabango ya mahafali ya miaka iliyopita, ndoo ya mfagizi na dekio lililokuwa bado linachuruzika maji. Mfagizi alipoingia kulichukua alimwomba radhi, naye akamwomba radhi mfagizi, maana haikujulikana hasa nani kati yao alikuwa mgeni humo.

Alikuwa mwalimu wa muda. Mwaka wa nne huu alikuwa akifundisha falsafa ya siasa kwa mkataba wa muhula mmoja mmoja. Kila muhula ulipoisha, barua pepe yake ya chuo ilizimwa, na iliwashwa tena baada ya yeye kupanda ngazi kwenda kubembeleza. Shahada ya uzamivu alikuwa nayo tangu miaka miwili nyuma, tena kwa kazi nzito kuhusu utii: kwa nini watu hutii, na ni wakati gani wana haki ya kuacha. Wanafunzi walimpachika jina la Kwa Nini, kwa sababu hakuna jibu alilolipokea bila kuuliza hivyo. Jina likamganda mpaka walimu wenzake wakalizoea.

Alikuwa na sharti moja ambalo alijivunia kupita kiasi. Mfano uliotoka kitabuni ulipata nusu ya alama. Aliwaambia wamletee walichokiona kwa macho yao wenyewe, wasimletee wafalme waliokufa. Hivyo ndivyo alivyojiponza, yeye na mwanafunzi wake mmoja, na wala hakuhitaji adui wa kumsaidia.

Swali la tatu liliuliza kama mtu ana wajibu wa kutii amri ambayo hakushirikishwa kuitunga. Majibu mengi yalikuwa ya kupitapita. Kisha akafikia karatasi yenye mwandiko ulioinama kushoto. Juu yake palikuwa na namba tu, kama utaratibu ulivyotaka, lakini mwandiko ule aliujua. Ulikuwa wa mwanafunzi ambaye darasa zima lilimwita Shangazi, kwa kuwa alikuja chuoni akiwa na miaka thelathini na sita, watoto wawili, na miaka kumi ya kusimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa.

Shangazi aliandika juu ya bweni la wasichana. Lango lake likishafungwa kwa mnyororo halifunguliwi bila karatasi ya mkuu wa mabweni. Mwaka uliotangulia msichana wa mwaka wa kwanza alibanwa na pumu, wenzake wakambeba mpaka langoni, na hapo langoni akafa. Chuo kilitangaza kwamba aliugua ghafla. "Mlinzi alitii," Shangazi aliandika. "Mkuu wa mabweni alitii, alikuwa ameagizwa asipokee simu za wanafunzi. Sisi tuliombeba tulitii, tuliambiwa tusipige kelele. Hata yeye alitii. Aliambiwa asubiri, akasubiri."

Kwa Nini aliisoma mara mbili. Alilia kidogo, halafu akaona aibu, halafu akaona furaha ya mwalimu ambaye kazi yake imezaa kitu. Akaweka themanini na moja. Hakuwahi kumpa mtu alama hiyo.

Sasa, idara ilikuwa na utaratibu wake. Kila mtihani ulipokwisha kusahihishwa, karatasi tatu zilipelekwa kwa mtahini wa nje: ya juu kabisa, ya kati na ya chini. Kama angeipa sitini na tisa, karatasi ile ingefungwa kwenye boksi na kuliwa na mchwa kwa amani. Aliujua utaratibu huo vizuri, maana boksi alilifunga yeye mwenyewe. Ila wakati anaandika ile themanini na moja alikuwa anafikiria hoja tu. Mtahini wa nje, mzee wa chuo kingine asiyekuwa na cha kupoteza, aliandika katika ripoti yake kwamba karatasi ya kwanza ilikuwa bora, akauliza kama kifo kilichotajwa humo kimechunguzwa.

Wiki iliyofuata Profesa alimwita. Profesa ndiye mkuu wa idara, na ndiye aliyemsimamia utafiti wake tangu mwanzo. Alimkaribisha kwenye kochi, akamwuliza hali ya baba, akamsifia makala yake ya karibuni. Mezani palikuwa na karatasi mbili. Moja ilikuwa barua ya ajira ya kudumu, jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa bila kosa hata moja. Ya pili ilikuwa malalamiko yaliyokwisha kupigwa chapa: kwamba mtahiniwa wa namba fulani hakujibu swali, ametumia mtihani kufanya uchochezi, na kwamba alama aliyopewa iliingizwa kimakosa. Chini palibaki nafasi ya sahihi ya mwalimu wa somo.

"Mnataka nimtaje," Kwa Nini alisema.

"Hapana, binti yangu. Namba ipo, na orodha ya namba ipo. Tunamjua tangu Jumatatu."

"Basi mimi mnanitakia nini?"

Profesa alivua miwani akaifuta kwa tai, taratibu. "Chuo hakiwezi kumfukuza mwanafunzi kwa kufaulu. Lazima mwalimu wake aseme hakufaulu."

Kwa Nini aliuliza itakuwaje asiposaini. Profesa alimjibu kwa upole kwamba hakuna atakayemlazimisha, hiki ni chuo kikuu. Mkataba wake utakwisha tarehe yake kama mikataba yote inavyokwisha. Shangazi ataondolewa vilevile, ila kwa njia ndefu zaidi, na huenda polisi wakahusishwa. Kwa hiyo akimpenda mwanafunzi wake, hii ndiyo njia ya huruma. Alikuwa amemfundisha Kwa Nini kupima hoja kwa miaka saba, na hoja hii alimpa aipime.

"Kaa nazo mpaka Ijumaa," alimwambia. "Usikurupuke."

Nyumbani, baba yake alikuwa kwenye benchi nje ya mlango, uso ameuelekeza kwenye jua. Miaka thelathini alipanga herufi za risasi katika kiwanda cha uchapaji, na sasa mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Ilikuwa operesheni ya asubuhi moja, daktari alisema. Bima ya watumishi wa kudumu inalipia wazazi. Kwa Nini alimweleza yote, kwa sababu hakuwahi kumficha baba yake kitu, na kwa sababu alitaka mtu amwamulie.

Mzee aligeuza uso upande wa sauti ya binti yake. Kisha akasema, "Macho yangu yameona ya kutosha, mwanangu. Usinifanye mimi ndiyo sababu."

Lilikuwa jibu la mtu muungwana, na halikumsaidia. Alipoinuka kwenda ndani, mzee aligonga paji la uso kwenye fremu ya mlango alioupita maisha yake yote, akacheka ili binti yake asiumie. Binti aliumia.

Ijumaa alisaini. Baadaye alijaribu kujiambia kwamba ilikuwa kwa ajili ya baba, halafu kwamba ilikuwa ili polisi wasiingie. Lakini yeye ni mtu wa kuuliza kwa nini, na hakujiachia kirahisi hivyo. Aliitaka kazi. Alitaka mlango wenye jina lake na kiti chenye miguu minne, na alichoka kuwa mtu wa kuombwa radhi na mfagizi. Akaikata themanini na moja kwa kalamu nyekundu, akaandika kumi na nane, akatia sahihi pembeni.

Mwezi wa pili wa ajira mpya, saa nne asubuhi, Shangazi alibisha hodi. Alikuwa amevaa vizuri, kama mtu anayekwenda kuomba kazi. Alikaa, akaangalia rafu za vitabu na dirisha, akasema kwa furaha ya kweli, "Hongera, Mwalimu. Ulistahili siku nyingi."

Kwa Nini alimwuliza watoto hawajambo. Hawajambo. Mmoja anajifunza kusoma.

Shangazi alieleza kwamba barua ya kufukuzwa ilitaja malalamiko rasmi bila kutaja mtu. Alikuwa na hakika kwamba malalamiko hayo, na ile kumi na nane, ni mkono wa Profesa. Amepata chuo kingine, kidogo, cha mbali, kilicho tayari kumpokea akianzia mwaka wa kwanza, ila wanataka fomu ijazwe na mwalimu wa kudumu aliyemfundisha, kwa muhuri. "Nikasema sina mwingine. Wewe ndiye pekee uliyeniona nina akili."

Kwa Nini aliichukua fomu. Uwezo wa kitaaluma: bora sana. Bidii: bora sana. Uaminifu: bora sana. Aliandika haraka, na kila neno lilikuwa kweli. Nafasi ya mwisho iliuliza kama mwombaji amewahi kuchukuliwa hatua za nidhamu, kwa malalamiko ya nani, na kalamu ikasimama.

Shangazi aliinamia meza kuona kilichomkwamisha.

"Andika ukweli tu, Mwalimu, mimi sina cha kuficha. Andika ndiyo." Akafikiri kidogo. "Hapo kwa nani, andika mlalamikaji hajulikani."

Kwa Nini akaandika hivyo, kwa mwandiko wake ule ule, neno kwa neno. Akatia sahihi chini yake, akagonga muhuri. Shangazi akaivuta fomu kwake, akaupuliza wino mpaka ukakauka, akaisoma yote tangu juu hadi chini huku midomo ikitikisika, na alipoinua uso macho yalikuwa yamejaa machozi ya shukrani.