Tumbaku ya Kutosha

Daktari alizungumza nao ukumbini, dobi na kaka yake, mlango wa wodi ukiwa umerudishiwa ili baba yao asisikie. Alisema kilichokuwa kwenye pafu kimeshatambaa hadi kwenye ini, si jambo la kupasua tena wala la kuchoma, na mzee arudi nyumbani ale roho yake inachotaka.

"Hata kiko chake cha tumbaku?" aliuliza kaka, kwa sauti ya mtu anayejaribu kutania msibani.

Daktari hakucheka. "Hata kiko. Msimnyime kitu." Kisha akauliza kama watamwambia mzee wenyewe, au amwambie yeye.

Kaka ni dereva wa lori, amezoea kukata kona bila kumwuliza mtu. Akajibu hapo hapo: "Asiambiwe. Akiambiwa atalala chini leo leo." Akamgeukia dada yake. "Au siyo?"

Dobi alikuwa na neno kooni. Lakini tangu utotoni alikuwa mtu wa kumeza maneno, na hilo nalo akalimeza. Basi mzee akaambiwa kwamba mapafu yamechafuka, yatasafishika kwa dawa na kupumzika, akatoka wodini kwa miguu yake hadi getini, akilalamikia uji wa hospitali.

Nyumba yao ilikuwa ndogo. Chumba cha mbele ndicho kilikuwa duka la dobi: ubao wa pasi, ndoo za kulowekea, na kamba mbili zilizojaa mashati ya watu. Chumba cha nyuma alilala baba, na katikati palikuwa na pazia tu. Pazia halizuii moshi. Kwa miaka mingi ugomvi wao mkubwa ulikuwa huo. Mteja mmoja, mwalimu, aliwahi kurudisha shati lake akalinusa mbele ya watu na kusema, "Dada, nilikuletea shati, umenirudishia mvutaji." Wateja wote waliokuwapo walicheka. Dobi aliona aibu iliyomshuka hadi kwenye nyayo, na jioni ile akakificha kiko ndani ya kikapu cha vibanio.

"Kiko kiko wapi?" baba aliuliza, akipapasa dirishani.

"Kiko kiko kilipo."

"Na kilipo ni wapi?"

"Pale pale kilipokuwa kabla hujakinunua."

Ndivyo walivyoishi. Mwanamke huyu asiyeweza kumkatalia mteja, asiyeweza hata kumwambia konda kwamba amemdhulumu chenji, kwa baba yake alikuwa na mdomo. Alikificha kiko kwenye debe la unga, akakificha chini ya godoro lake mwenyewe, na siku moja alikitupa chooni, mzee akakivua kwa waya, akakichemsha, akakiwasha bila kumsemesha. Alikwenda hata dukani kumkoromea muuza tumbaku. Baba akiuliza anunue tumbaku kiasi gani, jibu lake lilikuwa moja: "Nunua ya kukutosha mpaka kaburini." Mzee alikuwa akicheka mpaka anakohoa.

Siku chache baada ya mzee kutoka hospitali, dobi alipita dukani kumchukulia kopo lake la kawaida. Mwenye duka waliyemwita Bwana Kesho, kwa kuwa kila kinachokosekana kwake kitafika kesho, safari hii hakusema kesho.

"Hii ndiyo imekwisha hivyo, binti," alisema. "Kiwanda kimeacha. Siku hizi vijana wanavuta vile vidude vya kuchaji kama simu, nani atachanganya tumbaku ya kiko? Hata huko mjini nimepiga simu, hamna. Nimebaki na katoni moja nyuma. Mwambie mzee aamue mapema, maana kuna mwenziwe, yule mpiga chapa mstaafu, naye anaikodolea macho."

Alimfikishia baba habari hizo wakati wa chakula, akijuta kabla hajamaliza kusema. Mzee aliweka kijiko chini. Alikuwa fundi wa mabango, ameandika majina ya nusu ya maduka ya mtaa ule kwa brashi na mkono mtupu, na kila jambo alilipima kwanza kama anayepima ubao.

"Basi hilo ni la kufikiri," alisema. "Tumbaku si mchele. Ukinunua nyingi inakauka, unajikuta unavuta ufagio. Ukinunua kidogo, inakuishia na duka liko tupu, unabaki kunyonya mti. Mtu inabidi ajue atavuta mpaka lini." Akamtazama. "Wewe unaonaje, mwanangu? Ninunue ya kutosha muda gani?"

Lile jibu lake la siku zote lilimjia dobi lenyewe hadi kwenye ncha ya ulimi. Alilisikia likifika. Akainama kuokota kitu ambacho hakikuwa kimeanguka.

"Sijui, baba. Wewe ndiye mvutaji."

Mzee alitafuna polepole. Siku hizo kumeza kulimpa kazi, na shingo yake ilikuwa imebaki mishipa. "Baridi hii ikipita nitakwenda kwa shangazi yako," alisema. "Kule kwake hakuna duka la maana, itabidi niwe na akiba."

Shangazi alikuwa dada pekee wa baba. Walikosana juu ya nyumba ya wazazi wao, maneno yakazidi, na tangu mazishi ya mama yake dobi hawakuwa wamesemeshana.

"Si uende sasa tu?" alithubutu. "Kaka atakupeleka."

"Kwa kikohozi hiki? Nikamwombe radhi dada yangu huku namkoholea usoni? Acha nipone kwanza."

Hapo palikuwa na mlango wazi wa kumwambia ukweli, na yeye aliuona. Akakusanya sahani.

Usiku huo alikuwa akigeukageuka kitandani akisikiliza kifua cha baba kikikwaruza nyuma ya pazia. Kopo moja. Je, akileta moja tu, mzee hatajiuliza kwa nini, wakati duka linaisha? Akileta mawili matatu, huko si kumkadiria? Kila idadi aliyoifikiria ilikuwa ni kumwambia. Asubuhi alimpigia kaka yake, aliyekuwa njiani na mzigo wa saruji.

"Mnunulie moja moja," kaka alisema, injini ikinguruma nyuma yake. "Katoni nzima ya nini? Itabaki hiyo, utampa nani?" Kisha akajisikia mwenyewe. "Sikukusudia hivyo."

"Najua."

"Fanya unavyoona. Ila usije ukalia mbele yake. Wewe nakujua."

Alipokata simu alikuwa ameshaamua. Itabaki, kaka amesema, na ndiyo maana lazima inunuliwe. Mtu anayenunuliwa tumbaku ya kubaki ni mtu anayetarajiwa kuwapo. Akafunga duka mchana kweupe, jambo asilolifanya hata siku ya mvua, akaenda kwa Bwana Kesho.

"Nzima?" Bwana Kesho alivua miwani. "Wewe? Si wewe uliyesimama hapo hapo ukaniambia namuuzia baba yako sumu, mpaka mke wangu akatoka jikoni na mwiko?"

"Ni mimi."

"Leo jua limetokea upande gani? Sasa, angalau yule mpiga chapa nimwekee..."

"Nataka yote," alisema, na sauti yake ilitoka juu kuliko alivyotaka. Mwanamke aliyekuwa akichagua vitunguu aligeuka. "Samahani. Lakini nataka yote."

Bwana Kesho alimtazama, kisha uso ukamchanua. "Aa! Mzee amepata nafuu!"

"Anaendelea vizuri," alisema, akatabasamu. Tabasamu lile lilimuuma mashavuni njia nzima, katoni ikiwa kiunoni kama mtoto.

Baba alikuwa amekaa kitandani, mto mgongoni, redio ikinong'ona. Dobi aliiweka katoni juu ya stuli, akaikata utepe kwa mkasi wa kukatia nyuzi, akasogea pembeni kama anayefunua bango jipya.

"Haya. Usihangaike tena."

Mzee alitoa kopo moja. Alipitisha kidole gumba juu ya herufi za mfuniko, zile herufi nene zilizolala kidogo ambazo siku zote alizisifu kwamba aliyezichora alikuwa na mkono. Hakulifungua. Akachungulia ndani ya katoni, akalirudisha kopo mahali pake.

"Yote?"

"Yote, baba."

"Na mashati ya watu?"

"Mashati yatafuliwa tena."

Alisema kwa wepesi, hata akajisifu moyoni kwa wepesi huo. Mzee aliinyamazisha redio.

"Kaa," alisema. Dobi akakaa ukingoni mwa kitanda. "Nilipotoka hospitali nilijua leo nitaipata. Nilisema, pafu limechafuka, huyu mwanamke sasa ana sababu, atakivunja kiko mbele ya macho yangu. Nilikuwa nimeshajiandalia maneno. Nikangoja. Siku ya kwanza, kimya. Nikawasha makusudi, pazia likiwa wazi, moshi ukakufuata hadi kwenye pasi, ukakohoa, ukaendelea kunyoosha. Nikasema amechoka. Jana nimekuuliza ninunue ya muda gani, nikakuwekea mdomoni kabisa, ukaniambia hujui." Akapumzika kuvuta pumzi. Kila sentensi ilimgharimu. "Leo unaniletea katoni. Mgonjwa anayepona anafichwa kiko, mwanangu. Anagombezwa. Haletewi katoni."

Dobi alifungua kinywa kukanusha. Alikuwa na maneno tayari, maneno mazuri, ya daktari na ya dawa na ya baridi itakayopita. Hayakutoka. Kilichotoka ni sauti ndogo tu, kama ya mtu aliyejichoma na pasi.

"Daktari alisemaje?"

Akamwambia. Alimwambia vibaya, akianza mwishoni, akirudi kwenye ini, akirudi kwenye pafu, macho yake yakiwa kwenye mkasi. Mzee alisikiliza bila kumkatiza.

"Tangu lini mnajua?"

"Tangu siku uliyotoka wodini."

Alidhani mzee angelia, au angemshika mkono, na kwa mambo hayo mawili alikuwa amejitayarisha siku zote hizo. Mzee alikasirika. Hasira ilimpanda polepole, ikampa rangi usoni ambayo hakuwa nayo kwa muda mrefu, na dobi aliogopa kama alivyokuwa akiogopa alipokuwa mtoto.

"Siku ile nilitembea kwa miguu yangu hadi getini," alisema. "Uliniona?"

"Nilikuona, baba."

"Ningeweza kupanda gari. Ningeweza kukaa kitini kwa dada yangu kama mtu, nikanywa maji yake, nikamwambia nilichotaka kumwambia. Leo naenda msalani kwa kushika ukuta. Siku zote hizo zilikuwa zangu. Zilikuwa zangu mimi! Nani aliwapa ninyi wawili mzikalie?"

"Tulikuwa tunaogopa..."

"Mlikuwa mnajiogopea wenyewe." Kikohozi kikamchukua, kirefu, na dobi alipotaka kumshika mgongo, mzee aliusukuma mkono wake. Hakuwahi kuusukuma. Hata siku ya kiko cha chooni hakuusukuma.

Kilipotulia, alifuta mdomo kwa kitambaa, akakitazama kitambaa, akakikunja ili dobi asikione.

"Mpigie huyo dereva wako. Mwambie aje na gari dogo, aazime popote. Na lile shati langu jeupe ulinyooshe."

"Baba, huwezi safari hii. Barabara ile..."

"Kumbe mdomo bado unao," alisema, lakini hapakuwa na utani ndani yake. "Ungeutumia mapema. Nenda."

Alitoka hadi chumba cha mbele, akachomeka pasi ukutani, akapiga simu wakati ikipata moto. Kaka alipokea akiwa bado barabarani.

"Njoo," alimwambia. "Azima gari dogo uje leo. Baba anajua."

"Nani amemwambia?"

"Mimi."

"Nilijua! Nilikwambia usilie mbele yake. Ulimwambia nini?"

"Sikumwambia kitu. Nilimnunulia tumbaku."

Alimsikia kaka akisimamisha lori, breki zikipumua.

"Nitafika alfajiri," alisema mwishowe. "Nikiwahi sana. Atafika alfajiri?"

"Sijui. Anataka kwenda kwa shangazi."

"Kule? Na ile barabara?"

"Nimemwambia. Hasikii." Akageukia pazia, akashusha sauti. "Kaka, endesha tu."

Shati jeupe lilikuwa chini kabisa ya sanduku la nguo. Alilitandaza ubaoni, akalinyunyizia maji. Lilikuwa pana sasa. Baba wawili wa leo wangeingia humo. Alianza na kola, kama anavyoanza siku zote, kisha mikono, akipita taratibu mahali ambapo uzi ulikuwa umelegea. Nyuma ya pazia hapakuwa na moshi. Mzee alikuwa akisema peke yake, kwa sauti ya chini, akisita, akianza upya. Alisikiliza kwa kitambo kabla ya kuelewa kwamba anajaribu maneno ya kumwambia dada yake, na kwamba kila mara, akifika katikati, pumzi inamwishia.