Kadi za Ng'ombe wa Ravine

Kabla hajaitwa Profesa, kabla hajafundisha kompyuta wala kuongoza chuo, Chelagat alikuwa karani wa kutoboa kadi katika ofisi moja ya mifugo mjini Nakuru. Ilikuwa mwaka wa 1957. Kila boma la eneo la Ravine lilikuwa na kadi yake, na matundu ya kadi ndiyo yaliyoiambia mashine boma lina ng'ombe wangapi. Mashine ikishajumlisha, dawa ya chanjo inapelekwa.

Jumatatu moja dawa ilipungua. Karibu kila boma, ng'ombe walibaki bila sindano.

"Binti yangu, umeniua," alisema Mzee Muhidin, msimamizi wa mashine. "Mkubwa wa ofisi anasema umetoboa ovyo. Na ile barua yako ya kwenda Uingereza kusoma iko mezani kwake. Haweki sahihi mpaka hesabu itimie."

Chelagat alizipitia kadi zote hadi macho yakamwasha. Hakuona kosa. Ndipo alipomkumbuka nyanya yake, ambaye zizi lilimjaa lakini akiulizwa husema ana vijing'ombe vichache tu. Akacheka peke yake.

"Mzee, mashine haijakosea, wala mimi. Kwetu mtu hahesabu ng'ombe wake wote, ni kuita mkosi. Lazima amfiche mmoja."

"Basi ongeza mmoja kila boma!"

"Wengine huficha watatu. Nipe siku nne nikawaulize majina."

"Majina ya nani?"

"Ya ng'ombe."

Muhidin alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini siku nne alimpa.

Huko Ravine, mfugaji mmoja, Mama Jepkorir, alipoulizwa idadi alitazama mawingu. Alipoulizwa majina, hakunyamaza tena.

"Andika Mwenye Baka. Andika Mwizi wa Mahindi. Huyu alimpiga teke mposaji wa binti yangu, mwandike kwa herufi kubwa!"

Chelagat alirudi na daftari tatu, akamtobolea kila ng'ombe kadi yake. Mashine ikahesabu kadi. Ng'ombe hakuhesabiwa na mtu. Dawa ilipopelekwa tena, hakuna aliyekosa sindano.

Mkubwa aliweka sahihi. Muhidin alipomletea barua, Chelagat, msichana ambaye hata salamu huitoa kwa kunong'ona, alipiga kigelegele kilichowatoa makarani wote ofisini hadi barabarani.