Gita Lililonuka Moshi

Pale Malakisi, ukitaka kujua kama mahindi yako yamekauka, huhitaji mashine. Unabeba kiganja cha punje mpaka kwa Mzee Jairus. Atachukua punje moja, ataibana kwa magego, ataiuma, atatulia kidogo macho yakiwa mbali, kisha atasema neno moja kati ya mawili: "Kavu," au "Bado." Hapo hakuna rufaa. Kwa miaka thelathini alikuwa mpimaji wa majani kwenye kituo cha kununulia tumbaku, na wakulima waliokuwa wakimlaani enzi hizo kwa sababu ya hiyo "bado" yake ndio hao hao wanaompelekea mahindi leo.

Jambo la pili ambalo watu walikubaliana kwamba Jairus analijua ni gita la besi. Kanisa lilikuwa na gita moja tu la besi, lililopatikana kwa harambee, na gita lilikuwa na Jairus mmoja tu. Miaka kumi na tisa sasa. Lililala nyumbani kwake, likafutwa vumbi kwa kitambaa chake, na Jumapili likakaa pajani pake, naye amefumba macho kana kwamba malaika wanasubiri yeye aanze. Kulikuwa na Viola, muuguzi wa zahanati, aliyejifunza besi kwake na ambaye kila mwaka aliomba apige angalau Jumapili moja. Jairus alimsikiliza kwa makini, akainamisha kichwa, akasema, "Bado." Viola alikuwa bado kwa mwaka wa nne.

Basi mvua za mwaka huu zikaja na fujo zake, na shingo ya gita ikapinda. Si kidogo. Nyuzi zilipaa juu ya ubao hata ungeweza kupitisha kalamu chini yake, na kuzibonyeza ikawa kazi ya kuumiza vidole. Sauti ilitoka inakwaruza. Mashindano ya kwaya ya Bungoma mjini yalikuwa yamebaki majuma sita.

"Mzee, si tutafute fundi?" Phelista, kiongozi wa kwaya, akauliza kwa upole wote aliokuwa nao.

"Fundi wa nini?" Jairus akacheka. "Hii ni unyevu tu, bana. Unyevu mimi nimeujua kabla uzaliwe."

Na hapo, msomaji, ndipo mtu anapoponzwa na kile anachokijua. Mtu asiyejua lolote kuhusu unyevu angepeleka gita kwa fundi siku hiyo hiyo. Jairus alilipeleka kwenye banda la kukaushia tumbaku.

Lilikuwa banda lake mwenyewe, nyuma ya nyumba, la udongo, lenye tanuri chini na fito juu. Majani ya msimu yalikuwa yameshaning'inizwa. Akasogeza fungu moja, akalitundika gita katikati yake kwa mkanda wake wa begani, kichwa juu, kama jani lenye heshima zake. Mkewe Edah alikuja na kuni, akachungulia, akasimama.

"Baba Emmy, gita si jani."

"Jani ni mmea, mbao ni mmea. Maji ni maji tu."

"Haya," Edah akasema, na anayemjua Edah anajua "haya" yake ina uzito gani.

Siku ya nne Jairus akalitoa. Lilikuwa limekauka, hilo hakuna wa kulipinga. Lilikuwa limekauka mpaka shingo ikajikunja upande, na ubao wa juu, ule wenye vyuma vya kubonyezea, ukaanza kubanduka ukingoni kwa sababu gundi ilikuwa imekata tamaa. Jairus hakukata tamaa. Aliona kwamba kwenye kichwa cha gita kuna nati ndogo, na akakumbuka kusikia kwamba ndani ya shingo mnapita chuma chembamba ambacho kazi yake ni kushindana na mvuto wa nyuzi ili shingo isipinde. Akaleta spana ya baiskeli. Akazungusha. Nati ikagoma. Akazungusha kama mtu anayekaza gurudumu la nyuma siku ya soko. Ikasema *kak*, na nati ikatoka na kipande cha chuma kikiwa kimekatikia ndani yake.

Akakaa chini kwenye kigogo. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa aliogopa kweli. Mchungaji alikuwa ametangaza madhabahuni kwamba anayeharibu mali ya kanisa ataikabidhi kwa mwingine. Na bila besi hiyo, Jairus angekuwa nani Jumapili? Mzee mmoja tu kwenye benchi, mwenye suti.

Bungoma mjini kulikuwa na fundi, lakini fundi huyo alimjua. Kimilili pia. Ndiyo maana Jairus aliaga kwamba anakwenda Kitale kumtembelea binti yake Emmy, akalifunga gita ndani ya blanketi, na asubuhi ya pili akawa mtaa wa Matisi, mbele ya duka dogo lililojaa redio, spika na vinanda visivyo na meno. Mwenye duka aliitwa Chelimo, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

Chelimo alifungua blanketi. Hakutazama kwanza. Alinusa.

"Mzee, hii gita ilikuwa inakaa wapi?"

"Kwa nyumba."

"Kwa nyumba kuna moto?"

"Ni hali ya anga tu. Mvua, jua, unajua mwaka huu."

Chelimo akaliinua gita usawa wa jicho, akaitazama shingo kwa urefu kama mtu anayelenga bunduki. Kisha akafungua skrubu za kifuniko cha nyuma, penye nyaya, akatoa kitu kwa kibano, akakiweka mezani mbele ya Jairus. Kilikuwa kipande cha jani, rangi ya dhahabu, kimekaushwa vizuri sana. Daraja la kwanza, Jairus akajiambia kabla hajajizuia.

"Panya hao," akasema.

"Panya wa kwenu wanavuta?"

Jairus akaanza kulikunja blanketi. Chelimo naye hakusukuma. "Mimi nauliza kwa sababu ya kazi, mzee. Nikijua mbao imekaushwa aje, najua nitainyoosha aje. Usiponiambia nitapapasa tu."

"Papasa," akasema Jairus.

Akapapasa. Alitia makaa kwenye pasi, akaisubiri ishike moto, akailaza juu ya ubao wa shingo, na joto lilipoingia akapenyeza kisu chembamba kati ya ubao na mbao, inchi kwa inchi, bila haraka yoyote duniani. Moshi mwembamba ukapanda. Vumbi la majani lililokuwa limejipenyeza kwenye nyufa lilikuwa linaungua. Ubao ulipobanduka wote, chuma kilionekana kimelala kwenye mfereji wake, kimekatika karibu na kichwa. Fundi wa mashine ya kukerezea wa jirani akakata kingine, akakitia meno ya nati. Chelimo akakilaza, akapaka gundi, akarudisha ubao, akaibana shingo yote kwa jiriwa tano juu ya bomba la mraba lililonyooka, la kutengenezea madirisha, akamwambia Jairus arudi baada ya juma moja.

Aliporudi, nyuzi zilikuwa zimelala karibu na ubao, zimetulia. Chelimo akamwonyesha nati mpya.

"Ikipinda tena, unazungusha robo. Robo tu. Halafu unaiacha siku nzima, unaangalia. Mbao haipendi kuharakishwa."

"Robo?" Jairus alitaka kubisha. Kwake kazi ya robo mzunguko ilikuwa kazi ya uvivu. Lakini alipogusa uzi mnene, sauti ilitoka mviringo, safi, ikamgonga kifuani, na machozi yakamlengalenga. Alikuwa hajaisikia sauti hiyo tangu gita likiwa jipya.

"Kuna kitu kimoja," Chelimo akasema. "Shingo nimeweza. Harufu sijaweza. Ile takataka imeungulia ndani ya mbao. Labda mwaka itaisha. Ukiulizwa, sema tu ukweli."

Jairus akacheka. Nani angeuliza? Malakisi yote inanuka tumbaku. Mashati yananuka tumbaku, mablanketi yananuka, hata sadaka inanuka, na mabati ya kanisa lenyewe yalipanda juu kwa mgongo wa tumbaku. Kanisa halikuwa na neno na mkulima wa tumbaku. Lilikuwa na neno na mvutaji tu: huyo alisimamishwa miezi mitatu, benchi ya nyuma, bila huduma yoyote. Tumbaku ilikuwa baraka mpaka mtu aiwashe.

Jumapili kabla ya mashindano, Mchungaji Hillary aliita vyombo mbele viombewe. Akaweka mkono juu ya gita, akainama, akaanza kuomba kwa sauti ya kutikisa madirisha, kisha katikati ya sentensi akasita. Akavuta pumzi. Akamaliza maombi haraka kuliko kawaida yake.

Baada ya ibada wazee sita waliitwa kwenye chumba cha sadaka. Gita liliwekwa mezani, na mmoja baada ya mwingine waliinama kulinusa. Hawa hawakuwa watu wa kudanganywa na pua. Harufu ya jani lililokaushwa waliijua, ni harufu ya karo ya shule. Hii ilikuwa nyingine. Hii ilikuwa ya jani lililochomwa.

"Mzee Jairus," mchungaji akasema, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli, "gita inakaa kwako. Mimi sitaki kuhukumu. Nakuuliza tu mbele ya hawa ndugu. Hii harufu imetoka wapi?"

Jairus akafungua mdomo. Ukweli ulikuwa pale pale kwenye ulimi. Ungechukua dakika moja: banda, spana, Kitale, pasi ya makaa. Gita limepona, tena limepona kuliko mwanzo. Pengine wangemkaripia kidogo yakaisha. Lakini macho yake yakamwangukia Mzee Tonny, ambaye asubuhi hiyo hiyo alikuwa amemletea punje za mahindi kwenye leso na kuondoka akiwa ameamini "kavu" yake bila swali. Akaona jinsi Tonny angecheka. Akaona kicheko hicho kikivuka soko, kikifika Myanga kabla ya jioni: ati Jairus, yule mpimaji, amening'iniza gita na majani likajikunja! Ati ndiye tumekuwa tukimpelekea mahindi!

"Ni mimi," akasema. "Huwa navuta."

Jairus hakuwahi kuvuta hata pumzi moja ya sigara maishani mwake.

"Tangu lini?" mchungaji akanong'ona.

"Tangu kitambo," akasema Jairus, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kufanya kazi sawasawa, akaongeza, "hasa nikiwa nafanya mazoezi."

Miezi mitatu. Benchi ya nyuma. Gita akapewa Viola siku hiyo hiyo.

Nyumbani Edah alimsikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni. "Si ungesema tu ukweli?"

"Edah, dhambi watanisamehe. Ile ya banda wangeimba mpaka kwa matanga yangu."

"Na besi?"

Jairus akaangalia ukutani, pale palipokuwa na msumari wa kutundikia gita. Usiku huo hakula.

Siku ya mashindano alikwenda Bungoma mjini kwa gharama yake, akaketi ukumbini safu ya mwisho, kofia magotini. Kwaya ikapanda. Viola akalipachika gita begani, akagusa uzi mnene, na ile sauti ikatoka, mviringo, safi, ikatembea chini ya sakafu ya ukumbi mzima mpaka ikamfikia Jairus miguuni. Akasubiri akosee. Hakukosea. Jairus alisikiliza wimbo mzima kama alivyosikiliza mahindi miaka yote, akatafuta neno, na neno lililokuja lilikuwa lile jingine, ambalo hakuwahi kumpa. Lilimuuma. Mwanamke huyu alikuwa tayari zamani.

Watu waliposimama kupiga makofi, yeye akatoka nje, akasimama nyuma ya ukumbi karibu na tangi la maji. Mzee Tonny akamfuata. Akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akafungua zipu ya mfuko wa Biblia yake, akatoa sigara mbili.

"Ndugu yangu," Tonny akasema, na macho yake yalikuwa na upendo mwingi, "si ungeniambia mapema? Miaka yote hii navuta peke yangu kama mwizi."

Akamkabidhi moja. Jairus aliishika, na vidole, bila kuulizwa, vikaibonyeza taratibu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akaipeleka puani.

"Hii wameikausha kupita kiasi," akasema. "Jani limekufa."

Tonny akatikisa kichwa kwa heshima. "Unaona? Kukausha ni wewe tu unajua. Hapo hakuna mtu Malakisi anaweza kukutoa."

Ndani, watu walikuwa wametulia tena, na Viola akaanza wimbo wa pili. Jairus akaitia sigara mdomoni, upande usiofaa, Tonny akaigeuza kwa upole, akawasha kiberiti.