Vidole vya Mugisho

Mnyororo wa baiskeli ulitoka tena kwenye mwinuko wa kuingia Bagira, mbele ya akina mama waliokuwa wakitoka sokoni. Guylain alikuwa akisukuma pedali kwa nguvu zote, mzigo wa kabichi za Kavumu nyuma yake, na ghafla miguu ikazunguka bure. Baiskeli iliyumba, kabichi mbili zikabingirika hadi mtaroni. "Pole, papa," mama mmoja akamwambia, kwa huruma ile inayouma kuliko tusi.

Wiki nzima mambo yalikuwa hayo hayo. Aliutia mafuta, ukatoka. Akamlaani aliyemuuzia, ukatoka.

Nyumbani alimkuta Mugisho, kaka wa mke wake, ameketi kizingitini. Mugisho alikuwa amekuja kutoka Shabunda baada ya mashimo ya dhahabu kumnyima, na Guylain alimpokea vizuri, ingawa siku hizi aliona sufuria inaisha haraka mno. Vidole vya Mugisho vilikuwa vyeusi kwa grisi. Basi! Mwenye hasira haulizi swali la pili.

"Ni weye unabebaka velo yangu nikiwa nimelala," Guylain alisema, akiionyesha baiskeli. "Ndiyo maana shene inatokaka."

"Shemeki, nilitaka tu…"

"Ulitaka nini? Mwizi anajulikana ku mikono."

Aliyasema kwa sauti ya kufika kwa majirani, na alitaka wasikie. Lydie, mkewe, alisimama mlangoni na mwiko wake, akamtazama kaka yake, kisha akainamisha macho. Mugisho alinawa mikono, grisi ikakataa kutoka. Akachukua begi lake, akashuka kuelekea kwenye kituo cha magari, safari ya kurudi Shabunda.

Ndipo Guylain akaigeuza baiskeli miguu juu, kazi ambayo angeifanya mwanzoni kabisa kama kichwa chake kingekuwa kimetulia. Mnyororo ulikuwa umelegea. Akafuata hadi gurudumu la nyuma, akagusa nati, nayo ikazunguka kwa vidole tu. Hapo akakumbuka. Alipoziba pancha ya gurudumu hilo wiki iliyopita, spana yake ilikuwa kwa jirani. Alikaza nati kwa mkono akajiambia atamalizia kesho. Tangu hapo, kila akipanda kilima na mzigo, gurudumu lilisogea mbele na mnyororo ukakosa pa kushikilia.

Kulikuwa na kitu kingine. Kati ya nati na fremu kulikuwa na kitambaa cha buluu, kimezungushwa na kufungwa kwa waya na mtu asiye na spana, ili kuzuia gurudumu lisisogee. Uzito wa kabichi ulikuwa umekilegeza.

"Ile ni shati ya kaka yangu," Lydie alisema nyuma yake. "Ile ya misa." Akarudi jikoni.

Wazee husema majuto ni mjukuu. Ya Guylain hayakungoja hata mtoto azaliwe. Alienda kudai spana yake, akavuta gurudumu nyuma, akakaza nati mpaka mnyororo ukacheza kidogo tu chini ya kidole, akapanda baiskeli kumfuata Mugisho kituoni. Mnyororo haukutoka njia nzima, na kwa kweli aliomba utoke, apate sababu ya kuchelewa.

Alimkuta Mugisho ndani ya gari, karibu na dirisha, abiria wamejaa.

"Shemeki," Guylain alisema kutoka nje. "Ni miye sikukaza ekru ya gurudumu. Nilikusingizia mbele ya watu, nakuomba pardon mbele ya watu."

Akanyoosha mkono. Mugisho aliutazama. Ulikuwa mweusi kwa grisi hadi kwenye kucha.

"Na weye," akasema, "uliiba velo ya nani?"

Abiria walicheka. Guylain aliona uso wake unawaka, lakini hakuurudisha mkono. Aliuacha pale dirishani, watu wakiutazama, mpaka Mugisho alipoushika. Kisha Mugisho akampitishia begi lake dirishani, akainuka kushuka.