Kompyuta Yenye Adabu

Pankras alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya kahawa pale Mbinga mpaka biashara ya kahawa ilipoachiwa watu binafsi, naye akapunguzwa kazini. Akiwa na miaka hamsini na minane, akajiandikisha darasa la kompyuta la parokia. Mkewe Margareta akaona hicho ni kichaa. Julai yote kahawa inaiva, mwenzake yuko mjini anabonyezabonyeza! Mwisho akamwita mama yake, Bibi Notburga, apande kutoka Mbamba Bay aje kuamua.

"Mkwe," alisema Bibi, akitua furushi lake la dagaa wa usipa, "Jumamosi nitaiona hiyo mashine. Nikikuta ni upuuzi, Jumatatu unashika kikapu cha kahawa."

Mama mkwe akishasema, amesema. Wiki nzima Pankras hakula akashiba. Akatunga programu ya mistari kumi na minne: mashine imuulize mtu umri, mkubwa apewe shikamoo, mdogo aulizwe hujambo. Ijumaa akaijaribu. Paroko, mzee wa miaka sabini, akaulizwa, "Hujambo, mtoto?"

"Shikamoo, baba," Pankras aliambiwa na Sista Gertruda, mwalimu wake, binti wa miaka ishirini na sita ambaye kila akitaka kukaripia huanza na adabu. "Umegeuza alama, penye 'zaidi' umeweka 'pungufu'. Halafu mama mkwe wako, utamuuliza umri wewe?"

Pankras akatoa macho. Bibi mwenyewe husema tu alizaliwa mwaka wa nzige, na mkwe gani angethubutu kudadisi? Akabaki ameikodolea macho mashine, ambayo hata nailoni ya dukani ilikuwa haijabanduliwa. Ndipo likamjia: hii imefika mwezi jana. Duniani hapa nani mdogo kwake? Akafuta mistari yote, akaandika miwili tu: toa shikamoo, rudi mwanzo, ili kila atakayekuja aikute salamu. Jenereta ya parokia ikazimwa kabla hajaijaribu.

Jumamosi Bibi akakalishwa mbele ya kioo cha kompyuta, Margareta akiwa nyuma yake. Pankras akabonyeza.

SHIKAMOO BIBI.

"Imekubali!" Akaruka, miwani ikaanguka. Miaka thelathini alipiga chapa maneno ya wakubwa. Haya yalikuwa yake. Machozi ya furaha yakamtoka mbele ya mama mkwe, na hakujali.

Bibi, msomi wa shule ya misheni, hakuwahi kuacha salamu bila jibu. "Marahaba, mjukuu wangu." Ikaja nyingine. "Marahaba." Ikaja nyingine. Kioo kikajaa, salamu zikazidi kumiminika, na Bibi akaziitikia moja moja mpaka koo likamkauka.

"Mkwe, mjukuu huyu ana adabu mno. Mwambie inatosha."

Pankras akabonyeza huku, akabonyeza kule. "Mama, kuinyamazisha bado hatujafundishwa."

Margareta alikuwa ameshika mbavu kwa kicheko.

"Mnafundishwa lini?" Bibi akauliza.

"Jumatatu, mama."

Bibi akashusha pumzi. "Basi Jumatatu uwahi darasani. Hicho kikapu cha kahawa nitakishika mimi. Marahaba!"