Miezi ya Mzee Kihara

Jumamosi moja mwaka wa sabini na mbili, Wangeci alitoka kazini Hurlingham saa saba, akapitia dukani kununua kamba ya katani, akafika kwao Kabiria na kumkuta Nashon amekwisha kulima kile kipande cha nyuma ya jikoni. Akavua viatu vyake vya ofisini, wakaanza kugawa matuta.

Bustani ile ilikuwa ya kumbana babake Wangeci. Mzee Kihara alikuwa mzee wa kanisa na mwenye vyumba vya kupangisha, na Nashon alikuwa mpangaji wake, seremala kutoka upande wa ziwa. Mzee hakuwahi kukataa posa. Alisema tu kwamba binti yake hataolewa katika kanisa lisilo na maua. Kila alipoulizwa tarehe alitaja mwezi, na mwezi ulipofika alionyesha kidole nje: maua yako wapi?

"Basi tunapanda ya mwaka mzima," Wangeci alisema.

Mayungiyungi ya masika wakayaweka karibu na bomba. Dahlia za Agosti zikapewa jua la asubuhi. Ya buluu, yale yenye vichwa vya mviringo, yangengoja Desemba. Bogenvilia ingepanda ukutani ichanue kiangazi.

"Na Julai?" Nashon aliuliza. Kwa kazi yake hakupenda pengo.

"Julai jeraniamu. Hiyo haiogopi baridi."

"Basi hata akisema Julai, tumemshika!"

Walicheka mpaka Nyokabi, mamake Wangeci, akachungulia kuuliza kuna nini.

Mwezi wa Mei, miche ikiwa imeshika lakini ni majani matupu, Nashon alikuja na mjomba wake Hezekiah. Wakapewa chai. Kihara alitazama nje, akaridhika.

"Desemba," alisema. "Desemba tutaongea."

Vikombe havijaondolewa, tuta la Desemba likachanua lote. Nyokabi alitoka, akachuma machache ya kuweka mezani, akarudi kuongeza maziwa. Shamba lile lilikuwa la babake Kihara, na la babu yake kabla ya hapo. Lilijua sauti ya mwenyewe.

"Maua si hiyo imetoka, Mzee?" alisema Hezekiah.

"Mimi nilikuwa nasema Desemba yenyewe. Haya, tuseme Agosti ya mwaka ujao."

Dahlia zikafunguka kwa mpigo, kubwa kama sahani, moja ikaingiza kichwa dirishani. Wangeci akaficha uso kwenye kanga ya mamake ili asicheke mbele ya wageni.

Tangu siku hiyo Kihara alichunga mdomo. Akitaka kusema Julai alisema "ule mwezi wa makoti", na jeraniamu zikaelewa vilevile. Kisha Jumapili moja ikawa zamu yake kusoma matangazo kanisani, na matangazo yenyewe yalikuwa mikutano ya kina mama ya mwaka mzima. Alisoma Januari kwa sauti ndogo. Alipofika Novemba alikuwa ananong'ona. Haikusaidia.

Aliporudi nyumbani hakuuona mlango. Bogenvilia ilikuwa juu ya paa, jeraniamu zimeingia vyumba vya wapangaji na kutokea upande wa pili. Ng'ombe alikuwa ametafuna dahlia, na maziwa ya jioni yalitoka ya rangi ya waridi, matamu bila sukari. Wapangaji walitoka na maua masikioni. Wangeci na Nashon walishikana mikono wakakimbia katikati ya matuta, wakitoka masika wakiingia kipupwe, wakivuka kiangazi na kurudi, mpaka kizunguzungu kikawaangusha wote wawili kwenye tuta la Oktoba.

Wangeci aliinuka na chavua hadi kwenye nyusi. "Baba, miezi imeisha."

Mzee alitafuta mwingine. Hakuupata. Akaketi juu ya jiwe la kufulia.

"Si maua, mwanangu," alisema. "Huyu ni mtu wa huko."

"Wa huko wapi?"

"Huko kwao."

Nashon alisikia. Aliendelea kukung'uta suruali yake, ingawa ilikuwa safi. Kicheko kilikuwa bado kimo mwilini mwa Wangeci kama kwikwi, na sasa kilimchoma.

"Basi asante kwa maua, Baba," alisema.

Walioana Jumamosi iliyofuata. Maua yalikuwa mengi hata mabenchi matatu yakatolewa nje, na pasta akasoma ibada kwa kichwa kwa sababu Biblia ilikuwa imefunikwa. Nyokabi ndiye aliyempeleka binti yake mbele, wakicheka wote wawili njia nzima. Kihara alibaki kukamua ng'ombe.

Siku hizi wanakaa mtaa wa Satellite, na kila Jumapili baada ya kanisa huenda Kabiria na mtoto wao, Peres. Kihara humpakata, humwimbia, humwambia ana paji la uso la ukoo wao. Mtoto hupiga chafya ya chavua, na nyumba nzima huangua kicheko, Nashon pia. Akichoka kumbeba, mzee humwita Nyokabi kutoka jikoni. Nyokabi hufuta mikono, hupokea mtoto, na kumkabidhi Nashon, ambaye ameketi kwenye kiti cha pili, goti lake likikaribia kugusa la Kihara.