Baridi Ilikokwenda

Saa nne asubuhi, gari la Mkurugenzi Ebenyo lilikuwa chini ya mwarobaini nje ya hoteli moja ya Lodwar, injini ikinguruma na AC ikiwa imefunguliwa hadi mwisho. Ndani alikuwamo dereva tu, Ekiru, shati limemganda mgongoni. Mkurugenzi alikuwa kwenye semina ya ukame, naye alipenda akitoka akute kiti kimepoa. Siku hiyo alitoka, akaketi, akapulizwa usoni na joto la jiko la mkaa. Akasema kwa upole kwamba wageni wa Nairobi wangefika Jumatatu, na gari likiwa bado hivi, funguo atapewa Byron, mtoto wa shemeji yake.

Kabla ya chakula cha mchana Lodwar yote ilikuwa na habari, maana Byron alishanunua miwani ya udereva na kuionyesha sokoni. Ekiru alikuwa na watoto shuleni Lorugum na hakuwa na mifugo ya kurudia. Mbuzi wake walikuwa funguo zile. Akaendesha mpaka Kakuma kwa Mohamedamin, fundi Msomali, mkimbizi ambaye hatoki kambini bila kibali, kwa hiyo magari humfuata yeye.

Gereji ya Mohamedamin haijawahi kukosa watu. Kuna wanaoleta gari na kuna wanaoleta maneno, na chai ni ya wote. Fundi akapima gesi, ilikuwa imejaa. Kompresa ilivuta, feni ilizunguka, bomba chini ya boneti lilikuwa baridi mpaka linatoka jasho. Lakini matundu ya dashibodi yalitoa joto lenye harufu ya moshi na mbuzi, na ukitega sikio, ndani mlikuwa na sauti za wanawake wakizungumza.

"Warya, gari lako ni zima," Mohamedamin akasema. "Baridi inatengenezwa, sawasawa kabisa. Inatokea kwingine tu."

Redio ikazimwa, viti vikasogezwa. Wanawake wale walikuwa wakizungumza Kiturkana, na Ekiru akawatafsiria Wasomali na Wakongo. Kulikuwa na kijana aliyepeleka ngamia wa mahari, ngamia wenyewe mbavu tupu, na mama wa binti alikuwa amewatazama na kuuliza kama wamekuja kuoa au kuomba malisho. Hakuna aliyekubali AC izimwe kabla ya kujua mwisho wake. Ngamia walirudishwa. Kisha sauti moja ikasema kwamba atakayekwenda kuteka pale penye ubao achukue blanketi, bomba leo lina baridi kali.

Ekiru aliujua ubao huo. Ulikuwa wa mradi wa kisima, kando ya barabara ya Lodwar, na ni yeye aliyempeleka Mkurugenzi kuuzindua. Vijana walichomeka bomba la chuma mchangani, picha zikapigwa, mashine ikaondoka bila kuchimba.

Mohamedamin akachagua kofia ya bomba, akampa pamoja na spana kubwa. Akasema ukiziba huko, baridi itarudi huku.

Ekiru alifika pale kesho yake, jua likiwa utosini, akaacha injini ikiunguruma. Kuanzia kwenye ubao hewa ilibadilika. Mbuzi walikuwa wamebanana kutafuta joto, na mzee mmoja alikuwa ndani ya koti akikohoa. Kwenye mdomo wa bomba umande ulijikusanya, ukadondoka kwenye beseni la bluu. Kando ya beseni aliketi mama mmoja, Namuria, amejifunika blanketi mpaka kwenye shanga za shingoni.

Wakasalimiana, ejok kwa ejok. Namuria akaitazama ile kofia.

"Umekuja kuifunga."

"Ni baridi ya gari letu, mama. Nisipoirudisha nafukuzwa kazi."

Namuria hakubishana. Akalivuta beseni kando ili Ekiru apate nafasi ya kupiga magoti.

"Funga," akasema. "Lakini ukimaliza usiondoke. Watoto wakija na mitungi, uwaambie wewe. Wale wa picha waliniachia mimi niwaambie."

Ekiru akafunga kofia, akaikaza. Matone yakakoma. Kutoka upande wa laga, ule mto mkavu, watoto walikuwa wanakuja na mitungi, wakicheka. Akashika spana, akafungua tena. Beseni akalirudisha mahali pake kwa mikono yake mwenyewe.

Jumatatu akamweleza Mkurugenzi yote bila kupunguza. Mkurugenzi aliuliza jambo moja tu: matone yanaonekana kwenye picha? Alasiri hiyohiyo wageni wa Nairobi walisimama kando ya bomba wakiwa wamevaa sweta, wakapigwa picha na Namuria na beseni. Fundi rangi akaongeza kwenye ubao: UMEKAMILIKA. Mkurugenzi akaletewa gari jipya lenye ubaridi wake, akampa Byron aliendeshe. Ekiru akabakiziwa lile la zamani na agizo kwamba lisizimwe, matone yasije yakakoma.

"Na kisima, mheshimiwa?" Ekiru akauliza.

"Kisima gani? Si watu wanakunywa?"

Ekiru huuliza hivyo kila wanapokutana, na hujibiwa hivyo.

Juzi semina ilikuwa hotelini tena. Soja wa getini akamjia Ekiru dirishani, akasema wakubwa wanalalamika, mngurumo unawazuia kusikilizana, azime gari. Ekiru, jasho likimtiririka kidevuni, akasema hazimi. Soja akamkumbusha kwamba yeye ametumwa tu. Ekiru akamjibu kwamba hata yeye ametumwa, na waliomtuma wana mitungi.

Soja akageuka kutazama hotelini. Akauliza huko ndani wanazungumzia nini siku nzima.

"Maji," Ekiru akasema, akakanyaga mafuta.